Siku Mbili Kyoto, Mji wa Mahekalu Elfu Mbili

Siku mbili si kitu katika mji wenye mahekalu yapatayo elfu mbili, lakini ndizo nilizobakiwa nazo baada ya kumaliza shughuli iliyonipeleka Osaka, nchini Japani. Mwenyeji wangu huko alikuwa kijana wa Mombasa, mtoto wa rafiki yangu wa utotoni, ambaye kazi yake ni kununua magari yaliyotumika na kuyapakia melini kuja Kilindini. Amekaa Japani miaka tisa, Kijapani kwake ni kama maji ya kunywa, na sala haimpiti. Nilipomwambia nataka kwenda Kyoto kutazama mahekalu, aliniangalia kama niliyemwomba anipeleke kilabuni.

"Ami," akaniambia, "hapa Osaka kuna bahari, kuna ngome, kuna soko la samaki. Huko kwenye masanamu wataka nini?"

Nikamjibu kwa methali ya kwetu, kwamba ukenda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho.

"Methali hiyo si aya, Ami."

Nikaona nipande daraja. Nikamkumbusha kisa kinachosimuliwa cha Sayyidna Umar alipoingia Baitul Muqaddas, akazungushwa ndani ya kanisa kubwa la Wakristo, na wakati wa sala ulipowadia akatoka akasali nje. Kuingia, nikasema, si kuabudu.

"Sayyidna Umar aliingia Amirul Muuminina," kijana akajibu. "Wewe waingia na tikiti."

Walakini adabu ya kwao haimruhusu kumwachia mgeni wa babake apotee peke yake kwenye treni. Tukapatana sharti: yeye atanifikisha kwenye kila lango, mimi nitaingia, yeye atangoja nje. Kwa sharti hilo tukapanda treni ya asubuhi, na kwa muda wa nusu saa hivi tulikuwa tumefika.

Kyoto ulikuwa mji mkuu wa Japani tangu mwaka 794 mpaka 1868, yaani zaidi ya miaka elfu moja, ndipo mfalme alipohamia Tokyo. Umezungukwa na vilima pande tatu, na katikati yake umepita mto Kamo. Yasikitisha kusema, lakini mji huu uliponea chupuchupu. Mwaka 1945 Wamarekani walipokuwa wakichagua miji ya kuiangushia bomu la atomiki, Kyoto ilikuwa katika orodha. Aliyeitoa ni Waziri wa Vita wa Marekani, Henry Stimson, ambaye alikuwa ameutembelea mji huo miaka mingi kabla, naye aliwakatalia majenerali wake kata kata. Nagasaki ikaingia katika orodha, na tarehe 9 Agosti ikaangamizwa. Jambo hilo lilinikaa rohoni siku zote mbili. Kila nilipoona nguzo ya kale imesimama, niliwakumbuka watu wa Nagasaki.

Kabla hatujafika langoni, inafaa msomaji ajue kuwa Wajapani wana dini mbili zilizokaa nyumba moja kama wake wenza waliopatana. Ya kwanza ni Shinto, ya asili ya nchi, isiyo na mtume wala msahafu. Waabudiwa wake huitwa kami, nao huwa katika mlima, mti, maporomoko ya maji, au hata mtu mkubwa aliyekufa. Nyumba yake huitwa jinja, na utaijua kwa lango lake lisilo na mlango, nguzo mbili na boriti mbili juu, liitwalo torii. Ya pili ni dini ya Budha, iliyotoka Bara Hindi, ikapita China na Korea, ikafika Japani katika karne ya 6. Nyumba zake ndizo nitakazoziita mahekalu. Kwa karne nyingi kami na Budha waliabudiwa kiwanja kimoja, mpaka serikali mpya ya mwaka 1868 ilipoamuru watenganishwe. Wakatenganishwa makaratasini. Mpaka leo mtoto akizaliwa hupelekwa jinja, na mtu akifa husomewa na makasisi wa Kibudha, wala watu wa nyumba hawaoni ajabu.

Hekalu la kwanza ni karibu na stesheni, waenda kwa miguu. Laitwa Higashi Hongan-ji. Kuingia ni bure, jambo lililomfurahisha kijana wangu ambaye ni mfanyabiashara. Jumba lake kubwa lina urefu wa mita 76 na kwenda juu mita 38, lote la mbao, na ni miongoni mwa majengo makubwa ya mbao ulimwenguni. Nilivua viatu, nikapanda ngazi, nikakuta ndani mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta na watu wamekaa chini kimya. Hakuna viti. Kama si kile kilichoko mbele, ningesema niko msikitini baada ya Alasiri.

Lakini kilichonisimamisha kilikuwa ukumbini, kwenye njia iunganishayo jumba kubwa na jumba la pili. Ndani ya sanduku la kioo mlikuwa na kamba nene, nyeusi, imejizungusha kama chatu aliyelala. Nilisoma maelezo mara mbili. Ilikuwa kamba ya nywele za wanawake.

Hekalu hili liliungua mara nne, na mara ya mwisho ilikuwa katika moto mkubwa wa mwaka 1864. Kazi ya kulijenga tena ilianza 1880 ikamalizika 1895. Boriti zilitoka milimani mbali, na ukubwa wake ulikuwa hivi kwamba kamba za kawaida zilikatika zilipokuwa zikivutwa na kuinuliwa. Wanawake waumini wa mikoa mbalimbali wakakata nywele zao, wakazipeleka, zikasokotwa pamoja na katani, zikapatikana kamba 53. Hiyo iliyomo ndani ya kioo ina urefu wa mita 69. Ukiikaribia waona mistari ya kijivu katikati ya weusi. Walikuwamo na vikongwe.

Nilitoka nikamsimulia kijana. Hakuamini. Nikamwambia na jambo jingine nililolisoma, kwamba madhehebu ya hapa, yaliyoanzishwa na Shinran aliyezaliwa mwaka 1173, hayakubali hirizi wala kupiga bao. Humo ndani huuziwi karatasi ya bahati.

"Hawapigi bao?" akauliza.

"Hawapigi."

Akafikiri kidogo. Halafu akavua viatu. "Nafika kwenye kamba tu," akasema. "Jumbani siingii." Akaenda, akasimama mbele ya kioo kile muda mrefu kuliko mimi. Aliporudi alisema neno moja: kwamba bibi yake wa Lamu alikuwa akisokota kamba za kumbi, na mikono yake ilikuwa migumu kama kamba zenyewe.

Basi sharti letu lilidumu chini ya saa moja.

Hekalu la pili, Sanjusangen-do, liko upande wa pili wa mto. Hapo kijana hakutaka hata kukaribia mlango, na mwisho wa habari nitasema alikuwa na haki. Ni jumba moja refu, mita 120, lililojengwa mwaka 1266 badala ya lile la kwanza lililoungua 1249. Ndani yake mna masanamu elfu moja na moja ya Kannon, ambaye kwa Mabudha ndiye mwenye huruma. Mia tano kushoto, mia tano kulia, na moja kubwa limekaa katikati. Kila moja ni kimo cha mtu, la mbao lililopakwa dhahabu, lina nyuso kumi na moja kichwani na mikono arobaini na kitu. Hilo kubwa lilichongwa na mzee aitwaye Tankei, akalimaliza mwaka 1254 akiwa na umri wa miaka 82. Masanamu 124 yaliokolewa katika moto ule, watu wakiyabeba mabegani wakikimbia.

Picha haziruhusiwi, na mwanga ni hafifu. Waingia, wapinda kona, na mara wajikuta umesimama mbele ya jeshi zima linalokutazama. Sitaficha, mwili ulinisisimka. Nilisoma Kul huwallahu kimoyomoyo, nikaendelea na mwendo. Nilijaribu kutazama kwa jicho la fundi tu: namna vidole vilivyochongwa, namna hakuna nyuso mbili zilizo sawa. Nikasoma kwamba kazi ya kuyasafisha na kuyatengeneza masanamu yote ilianza 1973 na ikamalizika 2017, miaka arobaini na mitano; aliyeingia kazini kijana alitoka mzee.

Yasemwa hapo kwamba ukizitazama nyuso hizo zote kwa utulivu, utaupata uso wa mtu unayetamani kumwona tena. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja wa Kijapani, amefunga kitambaa shingoni, anakwenda hatua moja, anasimama, anatazama safu ya juu mpaka ya chini, ndipo anakwenda hatua nyingine. Nilimfuata nyuma kwa heshima ya umri wake. Nilipofika kama katikati ya jumba nikatanabahi kuwa na mimi natazama safu ya juu mpaka ya chini. Nilikuwa namtafuta marehemu mama.

Nilitoka haraka, hata viatu nikavaa vibaya. Kijana alikuwa amekaa kwenye benchi chini ya mti. Aliniangalia usoni, asiniulize kitu, akanipa chupa ya maji.

"Leo umesema kweli," nikamwambia.

"Twende tukale, Ami," akajibu.

Chakula kilikuwa tofu iliyochemshwa, wali, na mboga za chumvi. Makasisi wa Kibudha tangu zamani hawakula nyama wala samaki, na chakula chao huuzwa katika mikahawa iliyo karibu na mahekalu. Mwislamu asidhani kwamba hapo amesalimika, maana Wajapani hutia mvinyo wa mchele katika mchuzi kama sisi tutiavyo ndimu. Kijana alimhoji mama wa mkahawa kwa dakika tano nzima, chupa baada ya chupa, na yule mama alileta kila moja mezani asomewe. Hakukunja uso hata kidogo. Tulikula kwa amani. Kwa mtu wa pwani tofu haina ladha yoyote, lakini wali wao ni mzuri.

Mchana tukapanda Kiyomizu-dera, hekalu lililoko kilimani mashariki ya mji. Njia yake ni nyembamba, imejaa maduka na watu, hata nikadhani niko Lamu siku ya Maulidi. Wenyeji wa Kyoto siku hizi wanalalamika kuwa watalii wamewazidi, mabasi hayapandiki, na kwa niliyoyaona sikuwalaumu, ingawa nami nilikuwa mmoja wa waliojaza basi.

Tulipokaribia jumba kuu, kijana alisimama ghafula akanusa. "Ami, huu si udi?"

Ulikuwa udi. Wajapani wanauita jinko, nao huutia katika ubani wao wa vijiti na kuufukiza mbele ya masanamu. Ni mti ule ule utokao misitu ya Vietnam na Indonesia, ule ambao kwetu hauchomwi ila kuna harusi, Idi au mgeni wa maana. Kijana alisimama hapo amefumba macho. Nilijua amefika wapi: amefika chumbani kwa mamake. Hakusema neno juu ya masanamu, akanifuata hadi barazani.

Na baraza hilo ndilo ambalo watu hutoka duniani kote kuja kuliona. Limetokeza nje ya kilima kwenda juu mita 13 kutoka chini, limesimama juu ya nguzo za mti mgumu uitwao keyaki, na mbao zake zimefumwa pamoja bila ya msumari. Nguzo zimetobolewa, boriti zikapitishwa matunduni, zikakazwa kwa kabari. Jengo hili ni la mwaka 1633. Matetemeko ya ardhi yanakuja na kupita. Mbao hulia kidogo na kurudi mahali pake. Zamani watu walikuwa wakijitupa kutoka juu kwa imani kwamba atakayepona atatimiziwa haja yake. Daftari za hekalu za tangu 1694 mpaka 1864 zimeandika waliojitupa 234, na wengi wao, kama 85 katika kila mia, walipona kwa sababu chini palikuwa na miti mingi na udongo laini. Mwaka 1872 serikali ikapiga marufuku.

Sisi watu wa pwani si wageni wa chombo kisicho na msumari. Mitepe ya Lamu ilishonwa kwa kamba za kumbi kutoka omo hadi tezi, ikaenda mbali na kurudi. Lakini mtepe leo utauona wapi? Mifano yake iko makumbusho. Fundi akafa, na mwanawe alikuwa ameshakwenda kutafuta kazi nyingine.

Nilitazama paa. Si vigae wala bati. Ni maganda ya mti wa hinoki, jamaa ya saipresi, yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka kama sisi tunavyopanga makuti. Maganda hayo hubanduliwa kwenye mti uliosimama, tena mti mzee, na fundi hubandua kwa namna ambayo mti haufi. Baada ya miaka minane hadi kumi huwa umeota ganda jipya, naye anarudi. Waezekaji huweka misumari midogo ya mwanzi mdomoni, wakiitoa mmoja mmoja kwa ulimi. Paa la jumba hili lilivuliwa likaezekwa upya, kazi ikamalizika mwaka 2020. Mwishoni mwa mwaka huo huo UNESCO ikauingiza ufundi wa Wajapani wa kutunza majengo ya mbao katika orodha yake ya urithi usioshikika. Tafadhali tazama vyema, msomaji, kilichoandikwa hapo. Walioandikwa ni mikono ya mafundi.

Na kuna jambo lililonimaliza kabisa. Miti ya keyaki yenye unene wa nguzo zile haipatikani tena kwa urahisi. Kwa hiyo watu wa hekalu wamepanda michanga ya keyaki milimani kaskazini ya mji, iwe tayari nguzo hizi zitakapochoka. Mti huo unahitaji karne kadhaa kufikia kimo kinachotakiwa. Aliyeupanda anajua hatauona, wala mwanawe, wala mjukuu wa mjukuu wake.

Hapo nilikaa chini kwenye ngazi. Nilikumbuka msikiti mmoja wa kwetu, sitautaja, ambao mihrabu yake ya matumbawe ilikuwa imechongwa kwa mkono tangu enzi za mababu, maua na maandishi. Siku moja ilifunikwa vigae vyeupe, vya aina ile ile iliyoko chooni, kwa sababu vinafutika kwa urahisi. Watu walichangishwa. Nilichanga. Hata nilipongezwa.

Nikamwuliza kijana: "Babu yako mzaa babako, si alikuwa mchonga milango?"

"Ndiye."

"Patasi zake amerithi nani?"

"Hakuna. Sanduku liko darini nyumbani, nadhani." Akanyamaza, kisha akasema, "Ami, wataka tuabudu mbao?"

"La. Nataka kujua kwa nini wasiojua Mola wao wanajua kutunza nyumba zao."

"Hilo," akasema, "sina jawabu lake."

Tulilala katika nyumba ndogo ya wageni, chumba cha mikeka, godoro latandikwa chini. Kibla cha Kyoto ni magharibi, kimepinda kidogo kwenda kaskazini. Mimi ambaye maisha yangu yote kibla na kaskazini ni kitu kimoja, kama mabaharia wetu wanavyoita, nilijigeuza mara mbili kabla moyo haujatulia.

Siku ya pili tulitoka na alfajiri kwenda Fushimi Inari, kusini ya mji. Hii si hekalu, ni jinja, na yasemwa ilianzishwa mwaka 711. Haina tikiti wala haifungwi usiku. Inari ni kami wa mpunga, na biashara iliposhinda ukulima akawa kami wa wafanyabiashara. Wajumbe wake ni mbweha, utawaona wa mawe kila pembe, mwingine ameuma ufunguo wa ghala. Mlima wenyewe una kimo cha mita 233, na njia ya kuupanda imefunikwa na malango ya torii yapatayo elfu kumi, mekundu kama embe lililoiva, yamebanana hata jua haliingii.

Penye mlango pana birika la mawe na maji yanayotiririka. Anayekuja kuomba huosha mkono wa kushoto, kisha wa kulia, kisha husukutua. Kijana aliwatazama kwa makini. "Wameanza kushoto," akanong'ona, kama mwalimu wa chuo aliyemwona mtoto amekosea. Halafu akaongeza: "Lakini angalau wanaosha." Baada ya hapo huenda mbele, hutupa sarafu, huinama mara mbili, hupiga makofi mawili, huinama tena. Sisi tulipita pembeni. Hatukutupa sarafu wala hatukupiga kofi, na hakuna aliyetuuliza kwa nini. Wala hatukucheka. Katika Sura ya An'am tumekatazwa kuwatukana wale wanaoombwa badala ya Mwenyezi Mungu, na nadhani kucheka uwanjani kwao ni jirani wa kutukana.

Malango hayo hutolewa na watu na makampuni, ama kwa kutaka biashara iende, ama kwa kushukuru kuwa imekwenda. Dogo ni laki kadhaa za yen, na kubwa ni zaidi ya milioni. Ukipanda waona nguzo tupu, nyekundu. Ukishuka ndipo waona majina ya waliotoa na tarehe, yameandikwa kwa wino mweusi upande wa nyuma. Kijana alinisomea mengine: kampuni ya saruji, mkahawa, duka la vifaa vya umeme. Mbao huoza chini, lango hung'olewa, jingine huwekwa. Kwa hiyo njia ni ya kale na hakuna mti wa kale ndani yake.

Penye duka la hirizi ndipo nilipomwona kijana akicheka kweli kweli. Hirizi zao ni vifuko vidogo vya hariri vyenye kamba: ya mtihani, ya uzazi, ya maradhi, ya biashara. Alinyoosha kidole kwenye kimoja. "Ya usalama barabarani, Ami! Hizi ndizo ninazozikuta zimening'inia ndani ya magari. Nilidhani ni mapambo tu."

"Huzitoa?"

"Nyingine huzitoa. Nyingine zimefika Mombasa, Wallahi. Kuna watu wanaziendesha Changamwe hawajui."

Nusu ya mlima ilinitosha. Magoti hayana umri wa kijana.

Kinkaku-ji, jumba la dhahabu, nitalipitisha haraka kwa sababu nasi tulipitishwa haraka. Watu ni wengi, wasukumwa kama foleni ya feri ya Likoni. Jumba limesimama juu ya maji, dari mbili za juu zimepakwa dhahabu tupu, na kivuli chake kidimbwini ni kizuri kuliko lenyewe. Mwaka 1950 kasisi kijana wa hapo hapo alilitia moto likateketea. Likajengwa tena mwaka 1955. Nilijaribu kulipenda nisiweze, na sidhani kosa ni lake. Nilikuwa nimechoka, na akili yangu ilikuwa ingali kwenye ile kamba nyeusi.

Alasiri ilitukuta ukingoni mwa mto Kamo. Ndani ya mji kuna mahali pa sala pa Waislamu, lakini wakati ulikuwa umesonga na pale palikuwa na nyasi safi na maji. Wanafunzi walikuwa wamekaa wawili wawili, mzee mmoja alikuwa akipiga tarumbeta chini ya daraja, na nyange mweupe amesimama kwenye maji mafupi. Tulishuka tukatia udhu kwa maji ya mto, ya baridi hata meno yakagongana. Kijana alitazama kibla katika simu yake, akavua koti akalitandika kwenye nyasi. Mimi nikatandika gazeti.

Akiwa bado anafuta uso akaniuliza: "Ami, lile sanduku la babu umeliona siku za karibuni?"

"Nililiona mwaka jana. Mamako ameliwekea ndoo za rangi juu yake."

"Mwambie aziondoe," akasema. "Au ngoja, nitampigia mwenyewe." Kisha akakimu, akanisukuma mbele nisalishe.

Katika rakaa ya pili nilisikia mbwa. Alikuwa akija upande wetu, kucha zake zikigonga njia ya mawe, na nyayo za mtu nyuma yake. Nikasema moyoni, sasa itakuwaje. Nyayo zikasimama. Kucha nazo zikasimama. Tulisujudu, tukainuka, tukakaa kwa tahiyatu, na muda wote huo hakukuwa na sauti ila ya mto na ile tarumbeta.

Nilipotoa salamu ya kushoto nilimwona: mzee wa Kijapani, kama rika langu, amesimama hatua ishirini kutoka tulipokuwa. Kamba ya mbwa wake alikuwa ameizungusha mkononi mara tatu, nne, ikawa fupi kabisa, hata mbwa amebanwa kwenye goti lake. Alingoja kijana naye amalize salamu yake. Kisha akainama, akailegeza kamba, wakapita.